Kiti Kina Mwenyewe

Tangu inunuliwe, kompyuta ile haikuwahi kumjibu mtu kwa Kiswahili. Alasiri ile ikajibu:

"Kiti kina mwenyewe."

Binti aliyelisoma jibu hilo alikuwa amekaa kitandani kwa baba yake, mzee aliyepigwa na kiharusi kikamwachia mkono mmoja mzima na ulimi mzito kama jiwe. Shemeji yake, mtengeneza programu, alikuwa amempa kisakinishi kipya, chombo cha kutafuta programu mtandaoni na kuziweka mahali pake. Binti alitaka kumwekea mzee sauti: mzee aandike kwa kidole, mashine imsemee. Ndiyo programu ya kwanza aliyojaribu kuiweka kwa chombo kile, nayo ilikuwa imegoma.

Akapiga simu. "Shemeji, inasema kiti kina mwenyewe."

"Hee! Imejifunza wapi Kiswahili?" Shemeji alicheka. "Labda jaribio la mwanzo lilikatika, likabaki limeshikilia mlango. Angalia kazi zinazoendelea humo ndani. Ukiliona, lizime, urudie."

Akaangalia. Kati ya kazi zote palikuwa na moja isiyo na jina. Akaizima. Ikarudi. Akaizima tena, na safari hii feni ya kompyuta ikashusha pumzi ndefu, yenye harufu ya udi na nywele zilizoungua. Mzee akageukia ukutani.

"Shemeji," alinong'ona, "kuna harufu."

"Ya waya?"

"Si ya waya."

Shemeji hakucheka tena. "Iache mpaka nije. Usikubali chochote usichokielewa, umenisikia?"

Angeiacha. Lakini mama yake akaita kutoka jikoni, "Mwanangu, bado tu? Mwenzenu nina hamu ya kuitwa jina langu, hata na hilo dude." Maneno hayo yakamwingia. Akarudia amri.

"Sauti inahitaji kiti. Niruhusu?"

Akabonyeza ndiyo.

Chumba kikapoa, mapazia yakatulia kama yaliyoshikwa na mikono, na ile harufu ikatoka kwenye mashine ikapita usoni pake taratibu, ikapanda kitandani, ikazama chini ya shuka, mpaka kifua cha mzee kikainuka, kikainuka zaidi ya pumzi ya mtu, na kinywa kilichopinda kikanyooka chenyewe, kikafunguka, kikatoa sauti nzuri, nzito, ya kijana, ikimwita mama jina lake la utotoni ambalo binti hakuwahi kulisikia.

Mama alikuja mbio, mikono ikichuruzika maji. "Mume wangu! Niite tena!"

Ikamwita tena. Mama akapiga magoti, akalaza kichwa kifuani pa mumewe, akicheka na kulia.

Wakati huohuo mkono mzima wa mzee ulikuwa unapapasa kompyuta. Kidole kikagonga herufi, moja moja. Binti akainama kusoma.

"si mimi mtoe"

Ndipo binti akakumbuka kwamba waganga humwita kiti mtu anayepandwa na pepo. Akaamuru programu iondolewe. Akabonyeza, akabonyeza, jasho likimdondokea vidoleni, na kisakinishi kikamjibu kwa upole:

"Humu hamna kitu."

"Mama," alisema, "simama. Toka hapo."

"Niache, mwanangu. Niache nimsikilize baba yako."

Mzee alikuwa akimtazama binti yake, machozi yakimtiririka, huku kinywa chake kikitabasamu.

"Mke wangu," kinywa kikasema, "funga mlango."

Mama akainuka kwenda kuufunga.