Jasi Chini ya Migomba

Haya ninayowaeleza ni kweli tupu. Akitokea wa kunipinga, nitampa mkungu mzima wa ndizi, tena ule mkubwa.

Kishanda, mwaka 1951, Mushumbusi alikuwa na kibanja, shamba la migomba kuzunguka nyumba, ambacho babu yake alikilisha samadi na majani makavu mpaka udongo ukawa mweusi kama masizi. Jioni mkewe, Kokugonza, alimenya ndizi huku watoto wakiimba nyimbo za kanisani. Nyumba ilishiba.

Siku moja, akichimba udongo wa kukandikia ukuta kule bondeni, Mushumbusi alikuta jiwe jeupe linalochubuka kwa ukucha. Alilipeleka Bukoba kwa Prabhudas mwenye duka, naye akamwambia ni jasi. Iliyo safi, tena nyingi, wajenzi wataitaka. Maneno ya "safi" na "nyingi" Mushumbusi aliyaacha pale pale dukani.

Mkanda wa jasi ulikuwa mwembamba kama kiganja, naye akaapa kwamba unapanda mlimani hadi kibanjani kwake na kunenepa. Byabato, mchimba visima, alimweleza kuwa jasi ni tabaka lililoachwa na maji yaliyokauka bondeni; mlimani haipandi. Akajibiwa aende akachimbe visima vyake. Mushumbusi aling'oa migomba safu kwa safu, udongo mweusi akiutupa bondeni kama takataka.

"Baba Kemilembe, waitu," Kokugonza alimsihi, amekumbatia mgomba wa mwisho, "huu ndio chakula cha watoto. Jasi tutaipikaje?"

"Ukilala chini ya paa la bati utanyamaza."

Akaukata.

Chini alikuta mfinyanzi wa kijivu na vijipande vya jasi vichafu ambavyo Prabhudas alivikataa. Masika yakaja, kingo zikaporomoka, shimo likameza zizi na ng'ombe wawili, hata pembe hazikuonekana. Kokugonza akalima mihogo kule rweya, kwenye nyasi ambako ardhi haina shukrani. Aroni, kitinda mimba wao, hakumaliza mwaka ule. Ndipo Mushumbusi akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akamwomba mkewe msamaha.

FUNZO

Ndugu zangu, kibanja hujengwa na vizazi vitatu na kuangushwa na jembe la mtu mmoja. Usiuze kinachokulisha kwa kitu usichokiona. Na mkeo akikumbatia mgomba, weka panga chini.

Nilipomsomea dada yangu Kemilembe hadithi hii, alisikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe alikuwa mmoja, na tulimtoa," alisema. "Na tata, baba yetu, hakupiga magoti. Mama aliungoja msamaha huo mpaka tukamzika."

Nimempelekea mkungu wake, ule mkubwa.