Unga Ulioondoa Maumivu ya Hosnan

Suhria na mumewe, Hosnan, waliishi katika kisiwa cha Madura, karibu na mashamba ya chumvi. Kila asubuhi walikula wali wa mahindi kwa supu ya majani ya mlonge. Kisha Hosnan alikwenda kukokota chumvi kwa reki ya mbao, jua likimchoma. Magoti yalimuuma mno, hata akawa anaswali amekaa.

Suhria alimwonea huruma. Siku ya soko akanunua pakiti za jamu, unga wa mitishamba.

"Ni mizizi mitupu, mama," muuzaji alisema. "Akimeza asubuhi, jioni atasahau kama ana magoti."

Na kweli, Hosnan alianza kutembea kama kijana. Akala sana. Mashavu yakajaa.

"Mkeo anakufuga wewe!" wenzake walimtania. "Idi ikifika tunakuchinja!"

Suhria alicheka nao. Pakiti zikiisha, alinunua nyingine.

Jirani yao Rahwini, muuguzi wa zahanati, hakucheka. Aliuona uso wa Hosnan umekuwa mviringo kama sahani. Aliiona mikono yake imekonda, ina madoa ya damu chini ya ngozi.

"Dada Suhria, shemeji anameza nini?"

"Mizizi tu. Kwani zahanati yenu imekosa wagonjwa, hata mnawatafuta wazima?"

Rahwini akaenda zake. Mpaka leo Suhria anatamani angeyameza maneno yale.

Wakati wa mavuno, Hosnan aliinama kuinua kikapu cha chumvi. Mgongo ukalia ko! Akaanguka palepale. Wenzake wakambeba hadi nyumbani.

Suhria alilikumbuka swali la Rahwini. Kwa hofu akazitupa pakiti zote chooni. Alikuwa amesikia redioni kwamba mlonge hulinda mifupa, basi akachemsha majani tele, akamnywesha mumewe. Lakini Hosnan alizidi kulegea. Alitapika. Mwishowe akiitwa haitiki. Suhria akakimbia kwa Rahwini bila viatu, akamweleza kuhusu ule unga.

Hospitalini Hosnan alitundikiwa dripu, akarudiwa na fahamu. Pingili ya mgongo ilikuwa imepondeka. Rahwini alikaa na Suhria kwenye benchi.

"Dalili zake zinaonyesha ule unga ulichanganywa na dawa kali ya homoni," alisema. "Mwili hutengeneza homoni ya namna hiyo wenyewe, kidogo kidogo. Ukiletewa nyingi kutoka nje, unaacha kutengeneza yake. Na ikizidi, inadhoofisha mifupa, ngozi na misuli."

"Si ndiyo maana nimeutupa?"

"Umemkatia ghafla, na mwili wake ulikuwa bado umelala. Dawa hii huachwa polepole, daktari akiipunguza."

"Na mlonge je?"

"Watafiti waliwapa panya dawa hii pamoja na dondoo kali iliyokamuliwa kwenye majani ya mlonge. Mifupa yao haikuharibika sana. Ni habari njema, lakini wale ni panya, na dondoo ile si supu yako. Kwa watu bado haijathibitishwa. Wewe mpikie, ni mboga nzuri. Ila haishiki nafasi ya daktari."

Suhria aliinamisha kichwa. "Uliniuliza, Rahwini."

"Nami nilipaswa kukuuliza tena, dada."

Daktari alimrudishia Hosnan dawa ya homoni kwa kipimo, akaipunguza taratibu hadi ikaachwa. Uso wa Hosnan ulirudi kuwa wake. Mgongo haukunyooka tena. Hakumlaumu mkewe hata mara moja, na Suhria aliona heri angemlaumu.

Siku moja alikuja Marlena, mke wa mvuna chumvi mwingine, na pakiti mkononi.

"Nasikia mumeo alitumia hii. Magoti yalipona?"

"Yalipona," Suhria alisema. "Ingia umwone."

Marlena alimwona Hosnan akishika ukuta ili asimame. Hakuuliza tena. Wakaenda wote zahanati. Mume wa Marlena akaitwa, akapimwa, akapewa dawa inayomfaa, na mazoezi ya magoti.

Mwanamume huyo bado anavuna chumvi. Hupita mbele ya nyumba ya Suhria, mgongo umenyooka, akiwasalimu kwa sauti. Suhria humwitikia kwa furaha ya kweli. Kisha huingia ndani kumshika Hosnan mkono, ainuke kitandani.