Gercino Aliyeogopa Kunikumbatia

— Gercino, unanikumbatia au unapima godoro?

Mchumba wangu alinipigapiga bega kwa vidole viwili, akarudi nyuma. Zilibaki siku tisa tufunge ndoa, naye ananiaga kama shangazi wa mbali! Hapa Goiânia, Brazili, hata muuza pamonha, vile vikate vya mahindi, hukukumbatia ukinunua mbili.

Ilikuwa wiki ya tatu hiyo. Hata kwenye dansi ya forró alinishika kwa mbali, katikati yetu angepita mbuzi.

— Mama, labda amechoka, alisema binti yangu Tainara.

— Mtu anabeba saruji kutwa, ashindwe kunishika mimi? Ana mwanamke huyo.

— Kwani ulishamwambia kuhusu matiti?

Sikuwa nimemwambia. Niliweka silikoni miaka kumi na tatu iliyopita. Nilikuwa nimenyonyesha watoto wawili, na baba yao alinicheka kifua mpaka siku aliyoondoka. Niliapa mwanamume mwingine hatanicheka kwa hilo.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Bi Ivonete, ultrasaundi yako ya matiti ni kesho saa tatu asubuhi. Njoo na kadi ya silikoni uliyopewa baada ya upasuaji."

Nikapekua faili la vyeti. Kadi hamna. Na faili hilo nilimpa Gercino apeleke cheti cha talaka ofisi ya ndoa. Lini? Wiki tatu zilizopita!

Nikampigia.

— Gercino, kadi yangu unayo?

— Ninayo.

— Kumbe ndiyo maana hunigusi! Umeona ni ya bandia, umenichoka. Sema tu nifute ukumbi.

— Ivonete, tulia kwanza...

— Nimetulia! Kesho saa tatu niletee kadi kliniki, halafu kila mtu ashike njia yake.

Nikakata simu, nikalia huku nakaanga vitunguu. Tainara akadhani ni vitunguu.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kwa daktari, shati la Jumapili, kadi kaifunga kwenye nailoni.

— Huyu nani? akauliza Dokta Suely.

— Alikuwa mchumba wangu.

— Bado ni mchumba, akasema Gercino.

— Basi ingieni wote, mkagombanie ndani.

Nikalala, nikapakwa jeli ya baridi. Dokta akaanza kupitisha kile kifaa chake kifuani. Gercino alisimama pembeni, jasho linamtiririka.

— Kaka, wewe una nini?

— Dokta, imepasuka? Niambie ukweli. Kadi inasema miaka kumi na tatu. Jirani yangu kasema ikipita kumi ni kama mtungi wa gesi uliopitwa na muda. Na mikono yangu si unaiona? Nikimbana nitampasua!

Nikainuka, jeli ikanichuruzika mpaka tumboni.

— Ndiyo maana unanishika kama trei ya mayai?

— Sasa ningefanyaje? Nikuue kabla ya harusi?

Dokta alicheka mpaka akaweka kifaa chini.

— Lala, bibi harusi. Kaka, sogea uone. Huu weusi ndani ni silikoni. Mstari mweupe unaouzunguka ni ganda lake.

— Na huo mwingine? Huo hapo! Imepasuka!

— Ni mkunjo, kama wa shuka. Ingepasuka, ningeona mistari mingi imepangana kama vidato vya ngazi. Ganda ni zima, pande zote mbili. Hii haina tarehe ya mwisho kama mtindi. Tunaipima mara kwa mara, tukiona tatizo ndipo tunabadilisha. Na kukumbatiana hakupasui kitu.

Gercino akakaa kitini, akajifuta uso kwa nailoni ya kadi.

— Mbona hukuniuliza? nikasema.

— Ulikuwa hujaniambia. Nikaona ni siri yako, nisubiri utakapotaka mwenyewe.

— Na hukunicheka?

— Nicheke nini, Ivonete? Mimi nilikuwa silali kwa hofu.

Nikajifuta jeli haraka.

— Njoo hapa.

— Taratibu?

— Ukinishika taratibu tena, ukumbi naufuta kweli.

Siku ya harusi, forró ilipoanza, alinibana hata uzi usingepita katikati. Tainara akapiga kelele kutoka meza ya keki:

— Baba Gercino, mwache mama apumue!

Naye akajibu bila kulegeza mkono:

— Dokta ameruhusu!