Gauni la Bibi Harusi

Siku Floribert alipokutana na Wivine katika soko la mtaa wa Komini Albert, yeye Floribert alikuwa amejiwekea kitambaa cheupe kifuani, anajipima kama mwanamke.

"Papa, ile kitambaa iko ya nani?" msichana akacheka. Alivaa blauzi ya njano, kilemba kimelala upande, na macho yake hayakuwa na haya hata kidogo.

Floribert alitahayari. Padri hakukubali wanawake wapande jukwaani, kwa hiyo katika michezo ya nyimbo ya parokia, bibi harusi alikuwa yeye, miaka nenda miaka rudi. Lakini utamwambiaje msichana mzuri namna ile?

"Ya bibi yangu wa ndoa."

"Ah. Basi umusalimie." Kicheko kikaisha.

Uongo ule ulimponza. Kila jioni alipita pale Wivine alipouza unga, na Wivine alimwitikia kwa adabu tu, kama mume wa mtu. Miaka yote Floribert alikuwa ameimba wimbo wa kumngoja mpenzi asiyekuja, watu wakalia, naye akaenda kula bukari, ugali wake, kwa amani. Sasa wimbo ulimuuma mwenyewe.

Jumapili ya mchezo alipanda jukwaani na gauni lake, na kwenye benchi la mbele akamwona Wivine amekikazia macho kitambaa kile cha sokoni. Akaimba akimtazama yeye peke yake.

Baada ya mchezo Wivine alimfuata nyuma ya ukumbi.

"Bibi yako, njo weye?"

"Njo miye. Nilisikia haya. Pardon, Wivine."

"Ulinilizisha bule, Flori! Nilisema, ule bwana iko na mwenyewe."

"Mwenyewe haiko. Kama unaitika, njo weye."

"Na padri?"

Wote wawili walijua: padri hakumruhusu aliyeoa kuvaa tena gauni lile. Floribert akavua shela, akamwekea mikononi. "Padri atatafuta mwingine."

Wakaoana. Gauni likapunguzwa, likamkaa Wivine vizuri sana. Ila kila mazoezi yaliposikika kutoka parokiani, Floribert aliacha kula, akageukia dirisha. Alilitamani jukwaa.

Siku moja Wivine akaepua sufuria, akafunga mlango.

"Imba, mpenzi. Hapa padri haiko."

Floribert akaimba kwa ile sauti yake ya juu. Alipofika pale pa kumngoja asiyekuja, akaacha nafasi ya jibu lisilokuja, kama alivyozoea jukwaani. Wivine akamwitikia.