Tumpe Aliyegeuka Kuku

Tumpe aliishi Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi.

Siku moja mama alimpa simu yake ya zamani. Simu ilirekodi picha vizuri, lakini haikunasa sauti hata kidogo.

"Nitatengeneza filamu," alisema Tumpe.

Kaka yake, Gwamaka, akacheka. "Kwa simu bubu hiyo? Filamu bila sauti si filamu."

"Ni filamu," alisema Tumpe. "Ngoja uone."

Tumpe akapindua kinu cha mama. Akasimamisha simu juu yake, akaiegemeza kwenye jiwe.

Mdogo wake, Lusajo, ndiye aliyebonyeza.

Tumpe akasimama uani. Akapunga mikono kama ndege. Fya, fya, fya.

Kidole cha Lusajo kikateleza. Simu ikaacha kurekodi.

Tumpe alikwenda kunywa maji. Kuku akaja, akasimama palepale alipokuwa Tumpe. Ko, ko, ko.

Lusajo akabonyeza tena, simu ikaendelea kurekodi.

Baadaye wakaangalia filamu yao. Tumpe anapunga mikono. Fya, fya, fya. Halafu, pap. Tumpe hayupo. Yupo kuku.

"Umegeuka kuku," alinong'ona Lusajo.

Tumpe akaangalia tena. Akaangalia tena. Kisha akatabasamu.

"Sasa tufanye makusudi," alisema.

Simama. Usitikisike. Bonyeza.
Pap. Tumpe akawa kuku.

Kuku hakutaka kutulia. Wakampa mahindi, akatulia.

Simama. Usitikisike. Bonyeza.
Pap. Kuku akawa boga.

Simama. Usitikisike. Bonyeza.
Pap. Boga likawa Lusajo, amevaa taji la majani ya mgomba.

Gwamaka akapita. "Mnacheza na maboga," alisema. "Watoto wa jirani watawacheka."

"Waje wacheke," alisema Tumpe. "Ngoja uone."

Jioni watoto wa jirani wakaja. Wakajaa mkekani, wakabanana.

Baba akaunganisha simu na televisheni. Akazima taa.

Picha ikatokea. Lakini sebule ilikuwa kimya. Kimya kabisa.

"Si niliwaambia?" alisema Gwamaka. "Haina sauti."

Mtoto mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Wote wakaanza kucheka.

Masikio ya Tumpe yakapata moto. Alitaka kujificha nyuma ya kitenge cha mama.

Hakujificha.

Alichukua sufuria. Alichukua mwiko. Akasimama kando ya televisheni, akanyoosha shingo.

"Sauti ni mimi," alisema. "Baba, anza upya."

Du, du, du, ikalia sufuria. Watoto wakanyamaza.

"Huyu ni Tumpe," alisema Tumpe. "Amechoka kutumwa maji. Msipepese macho."

Pap. Kuku.

Watoto wakashika midomo.

"Kuku naye amechoka kufukuzwa jikoni. Msipepese macho."

Pap. Boga.

"Boga limekataa kupikwa. Msipepese macho."

Pap. Mfalme Lusajo.

Watoto wakapiga makofi mpaka mkeka ukakunjamana. "Rudia," walisema. "Rudia, Tumpe."

Gwamaka hakupiga makofi. Alichungulia nyuma ya televisheni. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na boga.

"Umefanyaje?" aliuliza.

"Sisemi," alisema Tumpe. "Wanaojua ni wale walio ndani ya filamu."

Gwamaka akakuna kichwa. "Basi na mimi niingie. Nitakuwa simba."

"Utakuwa nzi," alisema Tumpe.

"Nzi?"

"Nzi kwanza. Simba baadaye."

Gwamaka akafikiri. "Sawa," alisema. "Lakini nzi mkubwa."

Watoto wakaenda makwao. Mama akawapeleka Tumpe na Lusajo kitandani.

"Lala sasa, mwanangu," alisema mama.

"Silali," alisema Tumpe. "Nawaza mabawa ya nzi."

Mama akamfunika blanketi.

"Silali, mama," alisema Tumpe, macho yakijifumba.

Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati. Tiri, tiri, tiri.

Tumpe hakuisikia.