Hyasinti Hakuita

Nilirudi pangoni kufuata sufuria. Sufuria yenyewe haikuwa hata yangu, nilikuwa nimeiazima kwa jirani, na mnajua kitu cha kuazima kinavyomkosesha mtu usingizi. Jua lilikuwa limeshagusa milima ya upande wa ziwa, na wingu la mvua lilikuwa linashuka. Kule chini barabarani Alphonce alikuwa anapiga honi. Wenzangu wote walikuwa wameshapanda pikapu. Mdogo wangu Notburga nilimwacha amekaa nyuma kabisa, amejitanda kitenge kichwani, ametulia.

Sufuria niliikuta mlangoni mwa pango, pale tulipokulia ugali na usipa, dagaa wa ziwani, mchana. Nikaiokota. Nikakumbuka mzaha aliofanyiwa Notburga siku ile, nikacheka peke yangu. Nikachungulia gizani na kuita, kwa utani tu:

"Notburga!"

Maji yalikuwa yanadondoka mahali... tone... tone...

Halafu, kutoka ndani kabisa...

"Abee, dada."

Sufuria ilinitoka mkononi.

Ngoja nieleze tulifikaje pale, maana mpaka leo watu wanaisimulia hadithi hii kinyumenyume, na mimi ndiye wanayemwita mwendawazimu.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia hadi uani kwa watu. Ushirika ulikuwa umelala chali. Alphonce, aliyekuwa bwana shamba wetu, alipunguzwa kazi, akabaki na buti zake na maneno mengi. Akaanzisha matembezi ya historia. Jumapili baada ya misa aliwapakia watu wa Mbinga mjini kwenye pikapu ya kuazima, akawapeleka kuona kanisa la kwanza la wamisionari na makaburi ya Wajerumani. Mara nyingine aliteremka nao hadi Liuli kuona lile jiwe kubwa la ziwani. Jumapili ile zamu ilikuwa ya pango lililo juu ya kijiji chetu. Mimi na Notburga tulichukuliwa tupike, na mumewe Hyasinti akaja kwa sababu palikuwa na chakula.

Sisi tuliozaliwa pale tulikatazwa kulichezea pango hilo. Bibi yetu alitueleza. Zamani za vita na Wangoni, watu walijificha mle, nyumba nyingi pamoja, gizani, bila moto, bila sauti. Wengine walifia humo humo, na waliokaa nao hawakujua hadi walipowagusa. Hatari ilipopita, mwenye nyumba alisimama mlangoni akawaita watu wake kwa majina. Anayeitwa anaitika, ndipo anatoka. Asiyeitwa anabaki. Na mtu akitoka bila kuitwa hapokelewi. Anarudishwa ndani kwanza, aitwe na nyumba aliyolala, ili ijulikane ni yeye kweli.

Alphonce aliigeuza desturi hiyo kuwa mchezo wa kuwaburudisha wageni. Alituingiza wote, akazima tochi, akaturuhusu tuogope kidogo. Kisha wanaume wakatoka, wakasimama mwangani, kila mmoja akamwita mkewe. Watu walicheka sana. Mimi ni mjane, aliniita Alphonce mwenyewe, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku ile nililala kwake kuandaa chakula, Notburga akalala kwa mumewe.

Ikafika zamu ya Hyasinti. Yeye na mkewe walikuwa wameamka wakigombana. Hyasinti alikuwa amemuuzia mnunuzi kahawa ingali mitini, bila kumwambia Notburga aliyeipalilia, na Notburga hakuwa mtu wa kumeza jambo. Alilisema njia nzima, mbele ya wageni.

Hyasinti akashika kiuno pale mlangoni.

"Huyu mwenye mdomo abaki humo," alisema. "Tupumzike kidogo."

Watu walivunjika mbavu. Alphonce naye alicheka, kisha radi ikapiga, wageni wakaanza kukimbilia gari. Katika purukushani hiyo nilimwona Notburga akitoka. Hakuitwa na mtu. Alinipita karibu kabisa bila kuniangalia. Alinuka majivu baridi na mavi ya popo. Nikasema moyoni, amekasirika, muache.

Ndiyo maana niliposikia ile "Abee, dada" nilidhani ni mwangwi. Lakini mwangwi hurudisha neno lako mwenyewe. Hauongezi la kwake.

"Notburga," nikanong'ona. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Hyasinti hajaniita."

"Toka basi, mvua inakuja."

"Siwezi, dada. Wamenishika nguo."

"Nani?"

Nikasikia nguo ikivutwa.

"Wananiambia ninyamaze..."

Nilikimbia. Siwezi kusema vingine. Nilifika kwenye gari sina sufuria, sina kiatu kimoja, na Notburga alikuwa amekaa pale pale, ametulia, matone ya mvua yakimwanguka usoni wala hapepesi macho.

Nikamwambia Hyasinti. Akasema pango lina mwangwi. Nikamwambia padre. Naye akasema mwangwi, akanipa rozari. Alphonce ndiye alinikera zaidi. Alinisihi nisiharibu jina la matembezi yake.

Na huyo aliyerudi nyumbani, mbona alikuwa anaonekana wazi kuwa si yeye? Alilima mashimo ya ngolo, yale tunayochimba mteremkoni, toka asubuhi mpaka giza bila kunyoosha mgongo, wala hakuomba maji. Jioni alizima moto kabla moshi haujaonekana toka bondeni, watu wakala ugali uliopoa. Mbwa akibweka, alichuchumaa nyuma ya ghala. Na mtoto wao Jacqueline, aliyekuwa bado ananyonya, alipolia tu, mwanamke yule alimfunika mdomo kwa kiganja. Polepole. Bila hasira. Mpaka mtoto aache.

Siku za mwanzo Jacqueline alikataa ziwa lake, akawa ananing'ang'ania mimi. Baadaye alizoea. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nilikwenda kwa mama mkwe wa Notburga, Mama Walburga, mwanamke wa kanisa, nikidhani yeye ataona.

"Shikamoo mama. Huyu si Notburga."

"Marahaba. Kaa." Alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha. "Kunigunda, zamani mwanangu alikuwa halali humu kwa maneno. Sasa mke anafanya kazi, hajibizani, hasemi naenda kwetu. Wewe unatafuta nini?"

"Namtafuta mdogo wangu."

"Si yule pale?"

Yule pale alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama. Alitabasamu bila kufungua midomo.

Nikaelewa. Hawakuwa vipofu wale watu. Walikuwa wameona tangu siku ya kwanza, wakapima, wakaona wamepata afadhali.

Mimi niliendelea kwenda pangoni. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, nikijifanya naokota kuni. Niliita, akaitika. Aliniuliza Jacqueline ameota meno mangapi. Aliniuliza kama kahawa imeiva. Mara ya kwanza sauti ilikuwa karibu, kiasi nilihisi nikinyoosha mkono nitamgusa. Kila safari ilikuwa imesogea nyuma kidogo.

"Nikuite nikutoe mimi," nilimwambia.

"Si wewe, dada. Sikulala kwako siku ile. Mlete Hyasinti."

Nilimsumbua Hyasinti kama deni la damu. Nilimfuata kilabuni, nilimfuata shambani, nilimpigia magoti mbele ya wanaume wenzake. Nilimwambia nitakwenda kwa wazee wa ukoo, turudishe mahari, yule mwanamke arudi alikotoka. Mwisho akachoka.

"Nitakwenda mara moja," alisema. "Ukiridhika, uniache."

Tulipanda jioni. Tulipokuwa tunatoka uani, yule mwanamke alikuwa anasonga ugali. Alituangalia, akaangalia njia tuliyoshika. Akachukua maji, akazima moto. Jacqueline alikuwa mgongoni kwake, amelala. Njia nzima mimi nilikuwa nasali kwa furaha, maana nilidhani nimeshinda.

Pale mlangoni pa pango palikuwa na maganda ya ndizi na karatasi za biskuti za wageni. Alphonce bado alikuwa anawaleta, na ule mzaha wa Hyasinti ameuingiza kwenye maelezo yake, wanauchekea. Giza la ndani lilikuwa zito. Ile harufu ya majivu ikaja.

Nikaita.

"Notburga!"

Tone... tone...

"Abee... dada..."

Mbali. Mbali mno. Hyasinti alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kwa hiyo alisikia. Asije mtu akaniambia hakusikia.

"Hyasinti yupo?" sauti ikauliza.

"Yupo! Yupo hapa, mdogo wangu, nimemleta!"

Ndani pakawa na kitu kama watu wengi wanaosogeana kumpisha mtu. Nguo zikisuguana na mawe. Nilisikia mdogo wangu anapumua, anakuja, anajikwaa, anakuja.

"Mwambie aite basi," alisema. Alikuwa analia, au anacheka. "Mume wangu, niite. Sitasema tena habari za kahawa. Niite tu..."

Nilimgeukia Hyasinti. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka. Nawaapia, jina lilikuwa limeshafika pale.

Akaangalia chini bondeni, kwenye nyumba yake. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na sauti. Shamba la ngolo lilikuwa limelimwa lote, safi, mpaka mpakani.

Akafunga mdomo.

"Hyasinti!" nikamvuta shati. "Ita! Neno moja tu!"

Akauondoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja. Akavuta kofia yake mpaka machoni, akaanza kuteremka. Hakukimbia. Aliteremka kama mtu anayewahi chakula chake. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua, hakugeuka.

Nyuma yangu, pangoni, palikuwa kimya. Walikuwa wanasikiliza.

"Dada?"

Nikageuka, nikatazama gizani.

"Dada, ameshaita? Mbona mimi sijasikia?"

Nilikaa chini pale juu ya jiwe. Nilimwona Hyasinti akifika uani kwake, na yule mwanamke akitoka kumpokea.

"Bado," nikamwambia. "Bado hajaita."