Mashine ya Kasulu

Stendi ya Kasulu ilikuwa imejaa tope jekundu siku Immakulata aliposhuka pale na gauni lake la kitenge cha njano. Alimwona kijana wa shati la buluu, betri kubwa begani, akamuuliza zilipo ofisi za shirika la zahanati.

"Nifuate, dada. Betri hii ni ya seva ya hukohuko."

Kijana ndiye Bazilio, mtunza seva ya Kasulu, mashine iliyohifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Immakulata alikuwa ametoka Kibondo, makao makuu, kumfundisha namna ya kumpelekea takwimu: seva inafanya kazi kwa kasi gani, inazimika mara ngapi. Immakulata ndiye aliyeuandikia uongozi ripoti.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Bite, bosi wangu?"

"Salama. Seva yako ikoje?"

"Imezimika mara mbili, umeme. Mwenye seva naye kazimika, kisa sauti yako."

"Hiyo siiandiki!"

"Iandike, mpenzi. Uongozi ujue."

Kisha meneja Stanislaus akamwita Immakulata. Kati ya seva mbili, ya Kasulu na ya Kibondo, shirika lingebaki na moja.

"Inayozimika zaidi ni ipi?"

"Ya Kasulu, lakini ni umeme, na betri zimechoka. Nimeeleza hapa..."

"Maelezo toa. Nataka chati tu."

Immakulata alibisha sana. Mwishowe akayafuta maelezo, akapeleka chati. Jioni alishika simu ampigie Bazilio. Akaiweka chini.

Bazilio aliusikia uamuzi kikaoni, chati ukutani, jina la Immakulata chini yake. Seva inahamia Kibondo; kazi yake imekwisha. Hakupokea simu tena.

Gari lilipotumwa kuichukua mashine, Immakulata aliomba aende nalo. Alimkuta Bazilio amepiga magoti, anachomoa nyaya.

"Nilibisha, Bazilio. Wallahi... Mungu anajua nilibisha."

"Najua. Na seva ilizimika kweli, hukudanganya." Hakuinua macho. "Lakini ulijua kabla yangu, Imma. Ukaniacha nikaingia kikaoni nacheka."

Machozi yalimtoka Immakulata, naye akayaacha.

Bazilio akainuka, akamfuta mashavu kwa mkono wenye vumbi. "Basi. Hata ungeniambia, ningefanya nini? Narudi Nyabibuye, kwenye shamba la mzee."

"Nioe."

"Kwa kazi ipi?"

"Nimekuuliza kazi?"

Bazilio alicheka, mara ya kwanza siku ile, kicheko kilichokatikia njiani. Dereva akapiga honi. Waliibeba mashine pamoja, huku na huku, wakailaza kiti cha nyuma.

"Mama atauliza kama unajua kulima," Bazilio alisema dirishani, Immakulata akiwa ameshapanda.

"Mwambie najua."

"Hujui."

"Mwambie hivyohivyo."

Alimshika vidole mpaka gari likaanza kutembea, akatembea nalo hatua chache, kisha ikabidi aachie.